Sanduku la Santuri: Wajapani Wanne wa Toronto na Sahani Zao

  

Mwaka jana katika safu hii nilieleza habari za zile sahani nzito za kale, za mizunguko 78 kwa dakika, ambazo Siti binti Saad na wenziwe walianza kuzirekodi Bombay mwaka 1928. Baadhi yenu mlinipigia simu kunieleza mlizonazo nyumbani, nami nimeyaandika yote. Lakini wengine waliniletea swali jingine kabisa: "Wewe mzee wa pwani, hizo sahani za Wajapani ulizozipanga sebuleni zinakuhusu nini?" Swali hili nimeulizwa katika arusi mbili na hitima moja. Naona ni heri nilijibu kwa maandishi, lipate kuisha.

Kwanza tuwajue watu wenyewe. Kundi linaitwa Flower Travellin' Band. Walikuwa vijana wanne: Joe Yamanaka mwimbaji, Hideki Ishima mpiga gitaa, Jun Kobayashi wa gitaa la besi, na George Wada wa ngoma. Aliyewakusanya ni Yuya Uchida, mwanamuziki aliyekuwa na kundi lake la The Flowers tangu mwaka 1967. Uchida alitaka kundi la Kijapani litakaloweza kusimama jukwaani nje ya Japani bila kuonewa huruma. Muziki wao ni ile roki ndefu iitwayo progresivu, ambayo kipande kimoja huweza kuendelea mpaka chai ikapoa, na mara nyingi gitaa husema zaidi kuliko mwimbaji.

Sasa walifikaje Toronto? Mwaka 1970 yalifanyika Maonyesho ya Dunia katika mji wa Osaka. Kanada ilipeleka huko, miongoni mwa wengine, kundi la Lighthouse la hapa Toronto, lililokuwa na matarumbeta na fidla pamoja na magitaa. Watu wa Lighthouse waliwasikia hawa vijana, wakawapenda, wakawakaribisha. Mwisho wa mwaka ule ule Wajapani wetu wakafunga mizigo na kuja Kanada, na hapa wakakaa hadi mwaka 1972. Santuri yao ya Satori, iliyotoka mwaka 1971, ilitolewa hapa Kanada na kampuni ya GRT. Iliyofuata waliirekodi papa hapa Toronto, chini ya usimamizi wa Paul Hoffert wa Lighthouse, ikatoka mwaka 1972. Na jina waliloipa ni Made in Japan, yaani "Imetengenezwa Japani."

Ndugu msomaji, usipite hapo haraka. Sahani imetengenezwa Toronto, kwa umeme wa Toronto na baridi ya Toronto, na juu ya jalada imeandikwa kwamba imetengenezwa Japani. Nitalirudia jambo hili mbele, kwa kuwa ndilo lililomshughulisha mjukuu wetu mmoja.

Mimi sikuwahi kuwaona. Niliposhuka ndege hapa mwaka 1974, kutoka Dar es Salaam, walikuwa wamekwisha kurudi kwao na kundi limevunjika mwaka mmoja kabla. Nilipanga chumba Parkdale na kupata kazi ya usiku kiwandani. Mchana nilipokosa usingizi nilitembea katika mtaa wa Queen, ambako maduka ya vitu vya mitumba yalikuwa na makasha ya santuri sakafuni. Wazee wetu walisema ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Ndivyo nilivyokuwa. Katika kasha mojawapo niliiona Satori, yenye mchoro wa Buddha kwenye jalada, nikainunua kwa dola moja na nusu. Mwenyewe wa kwanza alikuwa ameandika jina lake kwa wino nyuma ya jalada, na jina hilo lipo mpaka leo.

Chumbani kwangu hakukuwa na gramafoni. Mwenzangu wa kazi, mzee wa Kikanada mwenye asili ya Kijapani, ndiye aliyenikaribisha kwake Jumapili tukaisikilize. Muziki haukumpendeza hata kidogo. Lakini alinifafanulia kwamba satori ni neno la wafuasi wa Zen, na maana yake ni mtu kuzindukana, kuona ukweli kwa ghafula. Sahani yote ni vipande vitano, na vyote vinaitwa Satori, cha kwanza mpaka cha tano. Maneno ni machache, na ni ya Kiingereza.

Mimi niliyesikia taarabu tangu utotoni, kilichonivuta ni gitaa la Ishima. Haliendi kwa kupandisha na kushusha kama roki ya Wazungu. Linatambaa, linazungukia sauti moja, linarudi, linaongeza kidogo, kama mpiga udi anayetafuta mlango wa kuingilia kabla ya waimbaji kupokea. Baadaye nilikuja kusoma kwamba Ishima aliendelea katika njia hiyo hata akabuni chombo chake mwenyewe, nusu gitaa nusu sitar, akakiita sitarla. Sikushangaa.

Kitu cha pili ni sauti ya Yamanaka, ambayo hupanda juu mpaka ukadhani itakatika, isikatike. Mama yake alikuwa Mjapani na baba yake Mmarekani mweusi. Alizaliwa Yokohama mwaka 1946, nchi ikiwa imetoka kushindwa vita, na mtoto wa namna ile katika Japani ya siku zile hakupata njia laini. Nywele zake zilisimama kama za vijana wetu wa Dar es Salaam wa miaka ya sabini. Niliona picha yake nikajisemea, huyu popote aendapo ataulizwa ametoka wapi, hata akiwa mlangoni kwao. Ninyi mnaoishi hapa mnalijua swali hilo.

Yule mzee mwenzangu naye alinipa habari ambayo sijaisahau. Mwaka 1942 serikali ya Kanada iliwaondoa kwa nguvu watu wa asili ya Kijapani wapatao elfu ishirini na mbili kutoka pwani ya British Columbia, wengi wao wakiwa raia wa nchi hii. Nyumba zao, mashua zao na vyombo vyao vilichukuliwa na kuuzwa. Hawakuruhusiwa kurudi pwani mpaka mwaka 1949, na wengi kwa wakati huo walikuwa wamekwisha kujenga maisha mapya huku mashariki, Toronto ikiwamo. Serikali iliomba radhi mwaka 1988 na kuwalipa waliokuwa hai dola elfu ishirini na moja kila mmoja. Mzee wangu aliniambia kwamba katika vitu vya baba yake vilivyouzwa ilikuwamo gramafoni pamoja na sahani zake. Nyumba, alisema, waliweza kununua nyingine. Zile nyimbo baba yake alizitafuta maisha yake yote asizipate.

Tangu siku ile nikaacha kuona kwamba kukusanya santuri ni mchezo wa mtu asiye na shughuli.

Basi nikaanza kuwatafuta wale Wajapani sahani moja baada ya nyingine. Kwa wanaopenda kujua, orodha si ndefu. Ya kwanza kabisa ni Challenge! ya mwaka 1969, ambayo kwa haki ni ya The Flowers wa Uchida kabla kundi halijapata sura yake mpya. Ya pili ni Anywhere ya mwaka 1970, ambayo ndani yake wanapiga nyimbo za watu wengine, za Black Sabbath na King Crimson wa Uingereza, na za Wamarekani weusi wa zamani. Jalada la Anywhere linawaonyesha wenyewe wamepanda pikipiki bila nguo, kwa hiyo sahani hiyo sebuleni kwangu huwekwa nyuma ya nyingine, kwa amri ya mke wangu. Kisha Satori, kisha Made in Japan, na mwisho Make Up ya mwaka 1973, ambayo ni sahani mbili kwa pamoja. Baada ya hapo ni kimya cha miaka thelathini na zaidi, mpaka walipokusanyika tena wakiwa watu wazima na kutoa We Are Here mwaka 2008. Yamanaka alifariki mwaka 2011 na Uchida mwaka 2019.

Katika miaka ya themanini ukitaja jina lao katika duka lolote hapa mjini, muuzaji alikutazama kama umemwomba nazi kavu. Hata katika Sam the Record Man, lile duka kubwa la mtaa wa Yonge lenye taa za sahani mbili zinazozunguka, hawakuwa nalo. Mambo yaligeuka baadaye. Sahani zilitolewa upya, na mwaka 2002 filamu ya Kijapani ya Takashi Miike, Deadly Outlaw: Rekka, ilitumia muziki wa Satori na kuwaweka Yamanaka na Uchida wenyewe ndani yake. Mwaka 2007 Mwingereza Julian Cope aliandika kitabu juu ya roki ya Japani na kuiweka Satori namba moja katika orodha yake ya sahani hamsini. Kuanzia hapo walioitupa sakafuni wakaja kuitafuta kwa tochi.

Sasa nieleze kidogo namna ya kuijua sahani, maana hili linafaa kwa sahani yoyote, iwe ya Wajapani au ya Marijani Rajab. Usiitazame lebo tu. Ielekeze sahani kwenye mwanga utazame ule mviringo mtupu ulio kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Hapo kuna herufi na namba zilizochorwa kiwandani. Namba hizo ndizo zinazosema sahani ilitoka katika kalibu gani, na aghalabu ndizo zinazotofautisha toleo la kwanza na lililotolewa upya. Jalada linaweza kuigwa vizuri sana. Namba zile huigwa kwa shida.

Sahani za Japani zina jambo lao moja zaidi. Huvikwa mshipi wa karatasi ubavuni, wenye maandishi ya Kijapani na bei. Wenyewe huuita obi, jina lile lile la mshipi wa kimono. Karatasi yenyewe ni nyepesi, huchanika upesi, na wanunuzi wengi waliitupa siku ile ile. Kwa sababu hiyo sahani iliyobaki na mshipi wake hupanda bei mara nyingi kupita ile isiyo nao, ingawa muziki ni ule ule na mikwaruzo ni ile ile.

Mpwa wangu aliyekuwa akisafiri kwa kazi za meli ndiye aliyeniletea Satori ya Japani kutoka Tokyo, toleo la kwanza, na mshipi wake mzima. Nilikaa nayo miaka mingi katika mfuko wa plastiki. Niseme kweli, niliisikiliza mara chache. Nikitaka kusikia muziki nilichukua ile ya dola moja na nusu.

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo ambalo wengi wenu mmelisikia nusu nusu. Mjukuu wa dada yangu alipata nafasi ya kusoma chuo, na fedha ya muhula wa kwanza ikapungua. Familia ikaitisha kikao, kama kawaida yetu, na kila mmoja akasema atakachotoa. Zamu yangu ilipofika, shemeji yangu, bila kuniuma maneno, akasema mbele ya wote: "Kaka, wewe una fedha ukutani." Alikuwa amemwuliza mwuza santuri mmoja, na bei aliyotajiwa kwa ile sahani yenye mshipi ilizidi kodi yangu ya mwaka mzima nilipokuwa Parkdale.

Wako waliomkasirikia kwa niaba yangu. Walisema kitu cha mtu hakisemewi. Wako waliosema afadhali, karatasi na plastiki zisiwe na thamani kuliko elimu ya mtoto. Kikao kikagawanyika, na kwa wiki mbili simu za familia zilikuwa juu ya Wajapani wanne ambao wengi wa wasemaji hawakupata kuwasikia hata mara moja.

Nami nikakaa nikapima. Nikamkumbuka yule mzee mwenzangu wa kiwandani. Sahani za baba yake ziliuzwa na watu wengine bila ridhaa yake, na mwenyewe hakupata chochote cha maana. Yangu mimi naombwa, na nikiiuza naiuza kwa mkono wangu, kwa ajili ya damu yangu. Hayo si mamoja. Kisha nikajiuliza, katika hizi Satori mbili nilizo nazo, ni ipi iliyo yangu kweli? Ile ya Tokyo ni nzuri, lakini thamani yake imekaa katika mshipi wa karatasi. Ile ya Toronto ina mikwaruzo, ina jina la mtu nisiyemjua, na ndiyo iliyokuwa nami majira ya baridi ya kwanza nilipokuwa sina mtu.

Nikaiuza ya Tokyo. Mpwa wangu niliyempa taarifa kabla alisema hakuileta ili ikae katika mfuko. Ya Toronto nimebaki nayo, pamoja na Made in Japan, na hizo nimekwisha kumwambia mke wangu haziuzwi hata nikiwa sipo, isipokuwa watoto wenyewe wakae kitako na kukubaliana.

Yule binti alipojua fedha ilikotoka alikuja nyumbani siku ya Jumamosi akataka kusikia alichosomeshewa. Tukaketi. Satori aliisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Made in Japan ilipoanza aligeuza jalada, akasoma, akaniuliza: "Babu, kama wameirekodi hapa, mbona wameiandika imetengenezwa Japani?"

Nilimwambia pengine ni mzaha wao. Siku zile maneno hayo yalibandikwa kwenye redio na vitu vya kuchezea, na wao walijua Wazungu watawatazama kama bidhaa. Akafikiri, kisha akasema: "Mimi ni kinyume chao. Mimi nimetengenezwa hapa, lakini shuleni walikuwa wakinibandika karatasi ya Zanzibar. Nikienda Zanzibar, wananibandika ya Kanada." Sikuwa na jibu la kumfunga mdomo, wala sikulitafuta. Nilimwambia tu kwamba sahani ile, lebo iseme nini, ukiiweka sindano inaimba.

Ndugu zangu, msije mkadhani nimewasahau wetu kwa kuwapenda wa mbali. Hao Wajapani ndio walionirudisha kwa watu wa nyumbani kwa jicho jingine. Wengi wenu mnamkumbuka Patrick Balisidya na bendi yake ya Afro 70, aliyetupigia katika kumbi za Dar es Salaam. Yeye naye alisafiri. Alikwenda Uswidi, akashirikiana na kundi la Archimedes Badkar, Waswidi wa roki ile ile ndefu ninayoieleza hapa, na mwaka 1979 ikatoka santuri yao Bado Kijana. Balisidya alifariki mwaka 2004. Mtanzania huyo na Wajapani wale hawakupata kuonana, lakini njia yao ni moja: kuchukua chombo chako, kuvuka bahari, na kuona kitakacholia ukikaa na wageni. Bado Kijana nimeitafuta hapa Toronto miaka mingi, na ninayo. Iko katika rafu moja na Made in Japan, ubavu kwa ubavu.

Lakini jueni kwamba nyimbo zetu ni ngumu kupatikana kuliko za Wajapani. Bendi za Tanzania zilirekodi kwa tepu katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, na nchi haikuwa na kiwanda cha kupiga santuri. Sahani zilipigwa Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Katika miaka hiyo sita hata mbuzi alivuka kwa taabu, sembuse kasha la santuri. Kwa hiyo sahani ndogo iliyokuja hapa ndani ya sanduku la mama yako, ikiwa imeviringishwa ndani ya kanga, huenda zilizobaki mfano wake ni chache mno. Hakuna Mwingereza aliyeiandikia kitabu na kuipa namba moja. Sisi wenyewe tusipoijua, hatajua mtu.

Na hapa nina maombi, na ninaomba yasomwe na wenye nyumba. Tarehe 8 Julai 2013 mvua ilinyesha katika mji huu milimita 126 kwa siku moja, kwa kipimo cha uwanja wa ndege wa Pearson, na vyumba vya chini vya nyumba nyingi vikajaa maji. Katika nyumba ya ndugu yetu mmoja kulikuwa na makasha mawili ya santuri za taarabu yaliyokaa sakafuni. Sahani zenyewe baadhi ziliokolewa. Majalada, pamoja na majina ya waimbaji na wapigaji yaliyoandikwa kwa mkono na marehemu baba yao, yaliyeyuka yakawa uji. Mwezi Julai mwaka 2024 mvua kubwa ikaja tena. Itakuja na nyingine.

Kwa hiyo, kwanza, pandisheni makasha. Yasikae sakafuni kwenye chumba cha chini, wala karibu na tanuri la kupashia nyumba joto, maana joto hupinda sahani kama chapati. Pili, sahani zisimamishwe wima kama vitabu. Zikilazwa zikipandana za chini huharibika. Tatu, za plastiki zisafishwe kwa kitambaa laini na maji yaliyochujwa chumvi, kwa kufuata mzunguko, lebo isiloe. Nne, na hili ni kubwa: zile nzito za kale za 78 zisiguswe kabisa na spiriti, kwani zimetengenezwa kwa gundi ya wadudu ambayo spiriti huiyeyusha, na wimbo huondoka pamoja na uchafu. Tano, chukueni penseli na karatasi muandike: sahani hii ilinunuliwa na nani, mji gani, mwaka gani, ilipigwa katika arusi ya nani. Karatasi hiyo iwekwe mbali na sahani, katika chumba kingine. Sahani huweza kupatikana nyingine kwa bahati. Maelezo ya marehemu hayapatikani.

Vijana mnaopita katikati ya mji mtaona zile taa za sahani mbili za Sam the Record Man. Duka lilifungwa mwaka 2007, lakini taa ziliokolewa, na tangu mwaka 2018 zinawaka juu ya jengo linalotazama uwanja uliokuwa ukiitwa Yonge-Dundas. Uwanja wenyewe sasa unaitwa Sankofa, neno la Waakan wa Ghana lenye maana ya kurudi kuchukua kilichosahaulika nyuma. Sidhani kama waliopanga mambo hayo mawili walikusudia yakutane, lakini yamekutana. Mkipita hapo usiku, inueni macho.

Kwa kitabu cha mwaka ujao, nawaomba kila nyumba iniletee orodha ya santuri na kaseti ilizo nazo, hata kama ni moja, hata kama imevunjika. Wapeni kamati ya kitabu siku ya mkusanyiko wa Idi au wa Krismasi, au nipigieni simu. Wengi mnajua kwamba huwa macho mpaka usiku. Wenye gramafoni mbovu wasizitupe, kuna mjomba wetu huko Brampton anayezitengeneza kwa malipo ya sahani moja ya wali. Na kama kuna yeyote mwenye santuri ya Afro 70 aliyoisahau, ajue kwamba ninamwombea umri mrefu na kumbukumbu nzuri.

Yule binti anaendelea na masomo, na shemeji yangu na mimi tunazungumza vizuri. Wasaalamu.